Pikapu za Sindano

Shemeji alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na kila ninaposimulia habari hii naanzia hapo, maana watu hupenda kukimbilia kwenye gitaa. Kabla ya gitaa kulikuwa na mapafu. Ugonjwa ulikuwa umemwandama muda mrefu, akakonda mpaka pete ya ndoa ikahamia kidole gumba. Dawa za vidonge ziliposhindwa, daktari akasema zimebaki sindano kali za kila siku, na akawaonya mapema, yeye na mumewe, kwamba sindano hizo huenda zikagusa masikio.

"Ziguse tu, daktari," shemeji akasema. "Nikifa hayo masikio nitampa nani?"

Zikamponya. Na masikio zikayagusa kweli. Si kwamba alikuwa kiziwi. Sauti nene alizisikia vizuri: mlango ukibamizwa, lori likipita, mimi nikiongea, maana nina sauti ya pipa. Zilizopotea ni zile nyembamba. Simu iliita pembeni yake asigeuke. Birika lilipiga mluzi mpaka likakauka. Hata maneno yalimfikia yakiwa na mapengo, "s" na "f" zimedondoka njiani, akawa anajazia mwenyewe kwa kutazama midomo. Ukimwambia "safisha sufuria" alisikia kama mtu anayepiga miayo.

Mumewe ni rafiki yangu wa miaka mingi. Kazi yake ya mchana ni kushona viti vya magari, kwa hiyo wengi hudhani jina la Sindano alilipata huko. Hapana. Alilipata kwenye bendi yetu, ambako mimi napiga besi na yeye alikuwa anapiga solo. Gitaa lake lilikuwa na mlio mkali, mwembamba, unaopenya katikati ya tarumbeta na ngoma ukakufikia hata ukiwa umesimama nje barabarani. Shemeji alikuwa hakimu wake. Kila wimbo mpya alimpigia yeye kwanza, nyumbani, na akikunja pua tu, wimbo ulirudi karakana.

Basi, Jumamosi moja asubuhi, wiki chache baada ya kutoka hospitali, shemeji alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo. Sindano akachukua gitaa, akawasha spika yake ndogo, akaanza kumpigia ule wimbo aliomchumbia nao. Alipiga ubeti wa kwanza wote. Shemeji akaacha kukunja, akawa anatazama vidole vyake kwa makini kama anayengoja kitu.

"Mbona hupigi?" akamuuliza.

"Napiga."

"Unapapasa tu. Washa spika."

Spika ilikuwa inawaka.

Aliniambia haya jioni hiyo hiyo, tukiwa kwenye ngazi za kupandia chumba chetu cha mazoezi. Chumba chenyewe kiko juu ya duka la magodoro. Mwenye duka ni mpenzi wa muziki, alitupa magodoro yaliyochanika tukayaegemeza ukutani ili majirani wasipige kelele. Sindano alisimama katikati ya ngazi, gitaa mgongoni, akashindwa kupanda.

"Yeye mwenyewe alicheka," akasema. "Ananiambia, sindano za hospitali zimenipa uhai, kisha zikaninyang'anya Sindano wangu. Akacheka, akaendelea kukunja nguo. Mimi nikaenda kujifungia bafuni."

 Nikamshika bega tukapanda.

Kwanza alihangaika na vitufe. Alipunguza makali kwenye spika, akaongeza uzito, akapunguza na kwenye gitaa lenyewe. Matokeo yake yalikuwa kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi, na shemeji bado aliambulia kidogo tu, tena kwa kukisia. Ndipo mtu mmoja wa duka la vyombo vya muziki akamwambia tatizo liko kwenye pikapu. Hizo ni vile vipande viwili vinavyolala chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya, vinavyonasa mtetemo wa uzi na kuupeleka kwenye spika. Za kwake zilikuwa kuukuu, zilizokuja na gitaa lenyewe. "Badilisha pikapu," mtu wa duka akasema, "utapata sauti ya maana."

Sindano akaanza kuweka akiba, na nyumbani kwake hapakuwa na mazungumzo mengine. Mama mkwe wake, aliyekuja kumwuguza binti yake na akawa hajaondoka, alisikia kwamba mkwewe ananunua pikapu, tena mbili. Mama wa watu akafurahi. Akapiga simu kwa ndugu zake wote. Siku mzigo ulipofika nilikuwepo. Mama alitoka nje amejifunga vizuri, akatazama barabarani kushoto na kulia.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, mama," Sindano akasema, akafungua kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

Mama akakitazama. Akamtazama mkwewe. "Na mizigo tutapakia wapi, baba?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, na kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka hivyo bila kukohoa, sote tulicheka zaidi ya kichekesho chenyewe kilivyostahili. Mama naye akacheka, mwishoni.

Pikapu hizo tulizifunga mezani jikoni kwangu. Tulikata nyaya za zamani, tukalehemu mpya, nikaungua kidole, Sindano akafunga nyuzi. Tulipolipeleka gitaa mazoezini, kiongozi wetu, ambaye sote tunamwita Kocha kwa sababu hawezi kusimama jukwaani bila kutufokea, alishusha tarumbeta mdomoni.

"Hii sasa ndiyo sauti," akasema. Kocha kumsifu mtu ni kama mvua ya kiangazi. Sauti ilikuwa safi kweli, inang'aa, kila noti imesimama peke yake, na ile kelele ya zamani ya kuvuma kama nyuki imekwisha kabisa.

Sindano hakumsikiliza Kocha. Alikimbia nyumbani kumpigia mkewe. Shemeji alikaa mbele yake, akatikisa kichwa kwa mahadhi, akatabasamu. Alipomaliza akampigia makofi. "Umerudi!" akamwambia.

Mwanaume alifurahi jamani. Kwa siku kadhaa alikuwa mtu wa kupiga miluzi njiani. Kisha jioni moja nilipita kwao kuazima waya, nikamkuta anampigia. Shemeji ameketi, kichwa kinakwenda huku na huku, tabasamu lake lile. Nikavuka sebule, mguu wangu ukanasa kwenye waya wa gitaa, waya ukachomoka. Spika ikanyamaza. Sindano naye, kwa mshangao, aliendelea kuchapa nyuzi mara kadhaa bila sauti yoyote.

Shemeji aliendelea kutikisa kichwa.

 Shemeji aliona nyuso zetu, akatazama chini, akauona waya sakafuni. Akaacha kutabasamu.

"Tangu siku ya kwanza?" Sindano akamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza." Alikuwa anakunjakunja pindo la nguo yake. "Ulikuwa na furaha sana. Wewe ulilala kwenye kiti cha hospitali, ukaniosha, ukanilisha. Nikasema, hata hili la kutikisa kichwa linishinde?"

Nilitaka kuondoka lakini waya ulikuwa bado mguuni.

"Husikii kabisa?" Sindano akauliza.

"Nasikia kama mvua nyembamba kwenye bati la jirani. Najua kuna kitu, basi." Kisha akanigeukia. "Ila huyu shemeji namsikia. Siku moja nilikuja mazoezini kwenu, nilimsikia mpaka tumboni. Kila noti."

Sindano akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. "Kwa hiyo mke wangu," akasema polepole, "humu nyumbani mwangu, anamsikia mwanaume mwingine."

Tukacheka tena, sote watatu, ingawa yeye macho yalikuwa yamejaa machozi. Lakini kauli ile ya shemeji haikunitoka kichwani. Masikio yake hayakuwa yamefungwa. Yalikuwa yamebakiza mlango wa chini, na sisi tulikuwa tumenunua kitu kinachobisha mlango wa juu.

Feni ya chumba chetu cha mazoezi ilikuwa imeungua, na zamu ya kuipeleka kwa fundi ilikuwa yangu. Fundi mwenyewe ni mwanamke wa makamo tunayemwita Mama Mota. Husuka upya mota za feni na pampu za maji kwenye kibanda chenye harufu ya vanishi na shaba iliyoungua. Nilipoifuata feni nilimkuta anazungusha waya kwenye koili kwa mashine ya mkono, taratibu, kidole kimoja kikiuongoza waya. Nikasimama pale nimeduwaa. Sumaku na waya uliozungushwa. Si ndiyo pikapu hiyo?

Nikamweleza yote, kuanzia mapafu. Aliendelea kuzungusha mpaka nilipofika kwenye kisa cha waya uliochomoka. Hapo akasimamisha mashine.

"Mimi sijawahi kusuka kitu kinachoimba," akasema. "Lakini naona mizunguko ikizidi, sauti itanenepa. Ikizidi mno itakuwa tope. Kati ya hapo na hapo sijui. Hizo za bei msiniletee, mkono utanitetemeka. Leteni zile kuukuu. Na mleteni mwenye masikio."

Tulikwenda watatu. Mama Mota alikuwa amebakiza waya mwembamba kama unywele, wa siku alizokuwa akisuka koili za mita za kiwanda fulani. Aliifungua pikapu ya zamani kwa uangalifu wa mtu anayemvua mtoto aliyelala viatu, akaupunguza mwendo wa mashine yake, akaanza. Karibu na mwisho waya ukakatika. Mama Mota alitamka neno ambalo sitaliandika. Akaanza tena upya, bila kunung'unika zaidi ya hapo.

Shemeji alikaa juu ya kreti. Sindano alipounganisha gitaa, shemeji akasimama, akaligeuza kreti, akakaa akituelekezea mgongo.

"Nikikuona vidole nitadanganya," akasema. "Najijua. Nitanyoosha mkono nikisikia."

Mara ya kwanza mkono ulinyooka kwa nyuzi nene tu, na hata sisi wenye masikio mazima tulisikia kama gari lililokwama matopeni. Mama Mota akapunguza mizunguko. Mara ya pili ikawa afadhali, lakini nyuzi za juu mkono ulibaki magotini. Akapunguza tena, na akainua sumaku kidogo. Katikati ya kazi alikuja mteja wa pampu, na fundi akamwambia, "Kaa hapo, kuna mgonjwa ndani," na mteja akakaa ametulia kabisa, kofia mkononi.

Sindano akaanza tena ule wimbo wa uchumba. Sauti iliyotoka haikuwa ya Sindano tuliyemzoea. Ilikuwa nzito, ya duara, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Alipiga ubeti, akaingia kiitikio. Mkono wa shemeji haukunyooka. Sindano akanitazama. Mimi nikamtazama Mama Mota. Mama Mota akatazama bisibisi yake. Tukajua imeshindikana.

"Uzi wa tatu umelegea," shemeji akasema.

Hakugeuka. Alisema tu hivyo, kwa ile sauti yake ya zamani ya kukunja pua. "Unaharibu kiitikio chote. Kaza uzi wa tatu."

Sindano hakukaza chochote. Aliinamisha paji la uso juu ya gitaa akabaki hivyo, mabega yakitikisika. Mama Mota akaanza kuitafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Yule mteja wa pampu, asiyejua hili wala lile, alifuta macho kwa kofia. Shemeji alipoona kimya kimezidi ndipo akageuka, akamwendea mumewe, akaushika ufunguo wa uzi wa tatu akaukaza mwenyewe.

"Sasa piga," akasema. "Piga yote. Nimekungoja sana."

Hakusikia kila kitu, nisidanganye. Noti za juu kabisa, zile zilizompa mumewe jina, hazikurudi, na daktari baadaye alisema hazitarudi. Lakini kutoka katikati kwenda chini alikuwa na gitaa lake.

Matatizo yalihamia kwenye bendi. Mazoezi yaliyofuata Sindano alikuja na sauti yake mpya, na tarumbeta zilipoingia tu akamezwa mzima mzima. Kocha alisimamisha wimbo mara mbili, mara tatu.

"Simsikii mpiga solo wangu," akasema. "Zile za kung'aa ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Zirudishe."

"Hapana, Kocha."

 Hakuna aliyewahi kumwambia Kocha hapana mbele ya magodoro yale. Sindano akaeleza, kwa kifupi, kwamba popote atakapopiga anataka mkewe amsikie, bila kumwonea mtu haya, na alipomaliza akasema jambo ambalo nina hakika lilimuuma kuliko alivyoonyesha: "Nipeni rithimu. Solo apige Mpole."

Mpole ni karani wa posta, mtu wa maneno machache, aliyekuwa amepiga gitaa la rithimu nyuma ya Sindano miaka yote bila kulalamika wala kuomba wimbo mmoja wa kwake. Aliposikia jina lake alitazama nyuma, kana kwamba kuna Mpole mwingine.

"Siwezi," akasema.

"Unazijua solo zangu zote," Sindano akamwambia. "Nimekuona ukizipiga pembeni ukidhani nimetoka. Na zile pikapu za kung'aa ni zako. Nitakufungia mwenyewe."

"Zile za bei? Zangu?"

"Kwangu zinakaa kwenye kiboksi. Zilikuja kwa bahati mbaya kwenye nyumba isiyo yao."

Kocha alizunguka chumba kizima akipapasa magodoro. Nilidhani anatafuta la kutufokea. Kumbe na yeye alikuwa anahitaji muda. Mama yake alizeeka na masikio mazito, alituambia baadaye. Mwisho akaweka tarumbeta mdomoni, akaitoa tena, akasema, "Haya. Mpole mbele. Na wewe Sindano, rithimu haina mapambo. Ukianza kuniletea mapambo nakutoa nje."

Ilichukua muda. Mpole mwanzoni alipiga kama mtu anayevuka barabara kwa woga. Sindano naye vidole vilimponyoka, vikawa vinataka kukimbilia juu. Nilimwona akijizuia. Lakini rithimu na besi hukaa pamoja, na sisi wawili, tuliokuwa tumesimama kando kwa kando miaka yote kila mtu na njia yake, sasa tulilazimika kupumua pamoja. Sitaficha: sijawahi kufurahia besi kama kipindi kile. Sauti yake nzito iliikumbatia ya kwangu, na Kocha siku moja akasahau kutufokea wimbo mzima.

Onyesho la kwanza kwa mpangilio huo lilikuwa la mchana, Jumapili, kwenye ukumbi wa hospitali. Muuguzi mkuu wa wodi aliyolazwa shemeji alikuwa anastaafu, na wenzake walitaka bendi. Walipoulizana ni bendi ipi, muuguzi mwenyewe akasema, "Mtafuteni yule bwana aliyekuwa akilala kwenye kiti."

Tulipiga. Mpole alifumba macho kwenye wimbo wa pili, na pikapu zile za kung'aa zikafanya kazi iliyozileta duniani. Watu walisimama. Shemeji alicheza mbele kabisa, na ungemtazama miguu tu ungejua anachosikia: haikufuata tarumbeta, haikumfuata Mpole, ilitufuata sisi wawili tuliosimama nyuma, hatua kwa hatua, bila kukosea hata mara moja.

Kisha Sindano akafanya jambo jipya. Alikwenda kwenye kipaza sauti. Mtu huyu ameshona viti vya nusu ya mji na kupiga gitaa mbele ya maelfu, lakini sijawahi kumsikia akiongea hadharani. Alikohoa. Akamshukuru muuguzi kwa kila sindano. Akamshukuru daktari, aliyekuwa ameketi nyuma akila keki, kwa kusema kweli mapema. Akamshukuru Mama Mota, ambaye tulikuwa tumemleta na alikuwa amevaa viatu vya visigino vinavyomuumiza. Akamshukuru Kocha, akamshukuru Mpole, akamshukuru mama mkwe kwa kubaki. Mimi aliniita "ndugu yangu wa chini," watu wakacheka bila kuelewa.

Kipaza sauti kilikuwa kibovu, kimejaa miluzi, na shemeji hakushika neno. Alinisogelea akanivuta mkono. "Anasema nini?"

Nikainama karibu na sikio lake, nikamrudishia yote kwa sauti yangu ya pipa, mmoja baada ya mwingine. Aliitikia kwa kichwa kila jina. Nilipofika mwisho akangoja.

"Basi?" akauliza. "Ameshukuru ukumbi mzima. Mimi je?"

"Wewe, shemeji, nadhani atakushukuru nyumbani."

Akamtazama mumewe, aliyekuwa anarudi kwenye nafasi yake nyuma akifuta jasho, anaogopa kututazama. "Mwambie asisubiri kufika nyumbani," akasema. "Apige."

Nikamwambia. Kocha akahesabu, tukaanza.